Kumsitiri Mwalimu

Chepngeno hakumfanyia Naftaly mahojiano yoyote ya kazi. Alimkuta nje ya kanisa Jumapili moja baada ya ibada, amesimama kando ya ukuta ndani ya koti la kijivu ambalo bega lake moja lilikuwa limeshonwa upya. Naftaly alipomwona, uso ulimchangamka. Wakaulizana habari za nyumbani na habari za mvua, mpaka Naftaly akasema, kama mtu anayetaja jambo dogo tu, "Kama huko kwenu kuna kazi ya mtu wa umri wangu, unikumbuke."

"Njoo kesho, Mwalimu," Chepngeno akamjibu. "Nikuonyeshe meza yako."

Alisema kabla hajafikiri, na kutwa nzima alijisikia vizuri.

Sababu alikuwa nayo. Alipomaliza sekondari hakukuwa na namna ya kwenda chuo, na Naftaly, aliyekuwa na cyber, duka la kompyuta na intaneti, katika mtaa wa Section 58, alimwachia kompyuta ya pembeni kila alasiri wateja wakipungua. Akamfundisha kuandika programu bila kumdai chochote. Hata kazi yake ya kwanza Chepngeno aliipata kwa sababu Naftaly alimpigia mtu simu. Miaka ikapita, Naftaly akahamia Naivasha na kufungua cyber nyingine mtaa wa Kihoto. Ziwa lilipopanda, maji yaliingia hadi mezani. Alirudi Nakuru na begi la nguo, akakaa kwa dada yake.

Chepngeno sasa alikuwa mkuu wa madeveloper, waandishi wa programu, katika kampuni ndogo mjini Nakuru. Programu yao ilikuwa ikiwatumia wafugaji ujumbe wa simu: daktari wa mifugo anakuja kuchanja lini na wapi. Wafugaji wa Njoro, Molo, Subukia na Mai Mahiu waliuamini ujumbe ule kama vile wangemwamini jirani.

Utaratibu wa kuajiri pale ofisini alikuwa ameuweka yeye mwenyewe. Anayetaka kazi hupewa kijikazi akifanye nyumbani, kisha hukaa na watu wawili wa timu awaelezee alivyokifanya. Hapiti mtu kwa sababu ya sura, ukoo wala shahada. Vijana wanaoanzisha kampuni walikuwa wakimwalika awazungumzie, naye aliwaambia kila mara, "Msiajiri mtu kwa sababu mnampenda. Mtamwonea yeye, na mtawaonea wale watakaofanya kazi naye." Walikuwa wakiyaandika hayo.

Jumatatu hiyo Jebet, developer aliyekaa naye muda mrefu kuliko wote, alimvuta kando.

"Amefanya ile task?"

"Huyu namjua, Jebet. Ndiye alinifundisha."

Jebet alimtazama kidogo. "Sawa," akasema, akarudi kwenye meza yake.

Naftaly alikuja akiwa amenyoa ndevu. Aliwasalimu wote kwa mkono, mmoja mmoja, na ndani ya wiki chache kila mtu alikuwa amempenda. Alikuwa akileta njugu karanga kwenye karatasi na kuzigawa. Alisikiliza shida za watu. Kwa kina dada yake alizungumza juu ya "timu yangu" mpaka dada yake alipokutana na Chepngeno sokoni alimshika mikono yote miwili na kumwombea baraka pale pale katikati ya viazi.

Lakini kazi ilimshinda. Kompyuta alizozijua zilikuwa za wakati mwingine. Aliandika code ndefu, mistari ya programu isiyoisha, sehemu moja ameinakili mahali pengi, na kitu kikibadilika alikibadilisha mahali pamoja na kusahau kwingine. Hakuuliza. Mtu ambaye maisha yake yote ameulizwa yeye, ni vigumu kumgeukia msichana wa meza ya pili na kusema sielewi.

Pale ofisini hakuna code iliyokwenda kwa wafugaji kabla mtu mwingine hajaisoma na kuipitisha. Ya Naftaly ilikuwa ikisomwa na Jebet. Mara ya kwanza Jebet aliirudisha na maelezo. Naftaly aliyasoma, masikio yakamwiva, na siku hiyo hakugawa njugu. Chepngeno aliona yote kupitia kioo cha chumba chake, na moyo ukamuuma.

Kesho yake alimwita Jebet. "Usiwe unamrudishia. Mrekebishie tu polepole, upitishe. Ni mtu mzima."

"Hatajifunza hivyo."

"Nipe muda. Nitaongea naye mwenyewe."

Hakuongea naye. Kila wiki alipanga, na kila wiki Naftaly aliingia chumbani mwake na njugu zake, akamwita "Chep wangu", naye akala njugu wakazungumza mengine. Mwezi ukafuata mwezi. Jebet alikuwa akiandika upya kazi ya Naftaly asubuhi, kisha anaanza ya kwake mchana. Naftaly, akiona kila anachotuma kinapita, alizidi kujiamini. Alianza hata kuwashauri wengine.

Wakati wa kutathmini wafanyakazi ulipofika, mkurugenzi, bwana Mwaura, aliuliza mbona kazi ya Jebet imepunguza kasi. Jebet alikuwa akitarajia kupandishwa cheo. Chepngeno angeweza kusema ukweli kwa sentensi moja. Badala yake alisema, "Amekuwa na mambo mengi kidogo mwaka huu. Tumpe nafasi." Mwaura akaitikia kwa kichwa, wakaenda kwa jina lililofuata. Jebet hakupandishwa.

Jioni hiyo Chepngeno alijiambia atalirekebisha mwaka ujao.

Kisha nyanya yake Jebet akafariki, na Jebet akaenda Londiani kwa mazishi. Wiki hiyo madaktari walikuwa wakijiandaa kuchanja ng'ombe Subukia, na baadaye Mai Mahiu. Naftaly alipewa marekebisho madogo kwenye sehemu inayochagua wafugaji wa kutumiwa ujumbe. Aliyamaliza, akayatuma. Kwa kuwa Jebet hayupo, yalimwangukia Chepngeno ayasome.

Aliyafungua akiwa anasubiriwa mkutanoni. Aliona urefu wake. Alijua kabisa kwamba code ya Naftaly haipitishwi bila kusomwa mstari kwa mstari. Hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye, isipokuwa Jebet. Akayashusha haraka hadi mwisho, akabonyeza kupitisha, akachukua daftari lake na kutoka.

Ujumbe uliokuwa wa Subukia ulikwenda Mai Mahiu, ukisema daktari yuko asubuhi hiyo kwenye uwanja wa kawaida. Kule Subukia daktari alikaa uwanjani na chanjo ndani ya kisanduku cha barafu mpaka barafu ikayeyuka, na chanjo zikaharibika. Kule Mai Mahiu watu waliamka, wakafungua mazizi na kuwapeleka ng'ombe uwanjani. Wale wa ng'ambo ya barabara kuu ilibidi wavuke. Malori yalikuwa yakishuka kutoka ukingo wa bonde kama kawaida yake, na moja likampiga mtamba wa mzee aliyeitwa Wanyoike. Mtamba huyo alikuwa na mimba. Alifia kando ya lami, watu wakisubiri daktari ambaye hakuwa njiani.

Simu zilianza kuingia kabla ya chai ya asubuhi. Kina mama waliuliza kwa upole kama daktari amechelewa. Wanaume waliuliza kwa ukali. Chepngeno alizipokea nyingine mwenyewe, akisema pole, pole sana, tunaangalia. Alikuwa ameshaangalia. Mstari wenye kosa ulikuwa mbele yake kwenye screen, na mtu aliyezoea kusoma code ya Naftaly kila siku angeuona haraka sana.

Jebet aliporudi kutoka mazishini, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi, alikuta mkutano unamsubiri. Mwaura alikuwa ameketi mwisho wa meza, uso umemkauka.

"Nimeongea na huyo mzee wa mtamba," akasema. "Nimeongea na daktari. Nimekosa pa kuweka uso. Sasa mniambie. Hizi messages ni kazi ya Jebet, sivyo?"

Ni kweli kwamba sehemu ile ilikuwa chini ya Jebet, kwa jina. Mwaura hakuwa akifuatilia nani ameandika nini. Hiyo ilikuwa kazi ya Chepngeno. Watu waligeuka kumtazama Jebet. Jebet alimtazama Chepngeno.

Chepngeno alifungua mdomo. Akamwona Naftaly upande wa pili, mikono ameikunja mezani kama mzee wa kanisa, na akafikiri: nikisema sasa, mbele ya wote hawa, nitamvunja. Akafunga mdomo. Alijiambia atamweleza Mwaura baadaye, wakiwa wawili.

Kimya kile hakikuwa kirefu, lakini kilitosha. Ndipo Naftaly akainama mbele na kusema kwa sauti ya kubembeleza, sauti ile ile aliyoitumia zamani na wanafunzi wake, "Pole, Jebet. Usijali sana. Hata mimi nilipokuwa naanza nilikuwa nakosea hivyo hivyo."

Hakuwa akimkejeli. Miezi yote ile hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba kazi yake ina kasoro, kwa hiyo haikumpitia akilini kwamba kosa linaweza kuwa lake.

Jebet alisimama. Alikisukuma kiti chake taratibu mpaka kikagusa meza, akatoka.

Chepngeno alimkuta kwenye ngazi, mkoba begani.

"Jebet, ngoja. Nitamwambia Mwaura. Naenda kumwambia sasa hivi."

"Sasa hivi?" Jebet aligeuka. Macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa tulivu. "Umekuwa na mwaka mzima. Nilizika nyanya yangu juzi, nimetoka huko na matatu ya asubuhi ndio nikuje nikalishwe kwa hiyo kiti ya lawama."

"Nilikuwa namsitiri mzee. Unajua vile alinifanyia."

"Hiyo ni deni yako. Mbona nimekuwa nikiilipa mimi?" Akashuka ngazi mbili, akasimama tena. "Na wakati ule wa tathmini, Mwaura alikuuliza juu yangu. Ulimwambia nini?"

Jebet alingoja jibu, kisha akaendelea kushuka. Hakurudi tena ofisini isipokuwa kuja kuchukua vitu vyake.

Chepngeno alipanda moja kwa moja hadi kwa Mwaura na kumwambia yote: kwamba alimwajiri Naftaly kinyume cha utaratibu wake mwenyewe, kwamba Jebet alikuwa akiifanya kazi ya watu wawili kwa amri yake, kwamba code iliyoua mtamba aliipitisha yeye bila kusoma, na kwamba kwenye tathmini alimwangusha Jebet huku akijua.

Mwaura alivua miwani. "Kwa nini hukuniambia tu kwamba mzee hawezi? Tungemtafutia kitu. Au tungemwambia asante mapema, bado hajazoea."

"Niliona aibu kwa niaba yake."

"Kwa niaba yake, ama yako?" Mwaura akauliza. Akaandika jambo, akaendelea, "Jebet nitampigia mwenyewe. Mzee utamwambia wewe. Leo."

Mwaura alimpigia Jebet, akamwomba msamaha na kumpa kile cheo. Jebet alikataa.

Chepngeno alimchukua Naftaly wakaenda kunywa chai kwenye kibanda kilichokuwa nyuma ya jengo. Alikuwa amepanga aanze na sifa. Aliposhika kikombe akagundua hawezi.

"Mwalimu, ile message ya Mai Mahiu ilitoka kwa code yako. Na mimi niliipitisha bila kuisoma."

Naftaly alitabasamu kama asiyesikia vizuri. "Yangu? Lakini zangu hupita zote."

"Jebet alikuwa anaziandika upya. Mimi ndiye nilimwambia afanye hivyo."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo, Mwalimu."

Mwenye kibanda alikuja na mandazi, Naftaly akamwambia asante, hakuyagusa. Alikaa akitazama mikono yake.

"Kwa hivyo asubuhi," akasema polepole, "nilipomwambia yule msichana pole, wote mlikuwa mnajua."

"Baadhi yetu."

"Mbele ya watu wote. Nikamwambia hata mimi nilikuwa nakosea." Alifunika macho kwa kiganja. "Aki Chepngeno." Hakumwita Chep. "Mimi nilikunyima ukweli lini? Ulipokuwa unaandika upuzi nilikuambia ni upuzi, ukalia, ukarudi kesho yake. Ungenipa nafasi ya kulia na mimi. Pengine ningejifunza. Pengine ningesema hii imenishinda, nikaenda zangu na heshima yangu. Sasa nimekuwa mtoto anayechezewa."

"Hakuna aliyekucheka, Mwalimu. Nakuapia."

"Afadhali mngecheka. Ningesikia."

Chepngeno alilia wazi wazi, pale mbele ya wateja wengine. Kisha akaongeza kosa juu ya kosa: akamwambia wanaweza kumpa cheo cha mshauri, asiwe akiandika code, awe tu akiwapa vijana moyo. Naftaly aliinua kichwa akamtazama kwa namna iliyomfanya anyamaze katikati ya sentensi.

"Huyo mzee wa mtamba," Naftaly akauliza mwishowe, "anakaa wapi?"

Walienda Mai Mahiu siku iliyofuata kwa gari la kampuni, na njiani hawakuongea sana. Naftaly alikuwa amevaa lile koti la kijivu. Shamba la Wanyoike lilikuwa ng'ambo ya barabara kuu, nyuma ya vibanda vya kuuzia madereva wa malori chakula, kipande chembamba chenye mahindi yaliyosinyaa na zizi la mbao. Mzee mwenyewe alikuwa akirekebisha ua. Aliwatazama wakija bila kuacha kazi.

"Mzee, habari yako," Naftaly akasema. "Mimi ndiye niliandika ile kitu ya simu iliyokudanganya. Nimekuja uniangalie usoni."

"Na mimi ndiye mkubwa wake," Chepngeno akasema. "Kuisoma ilikuwa kazi yangu, na sikusoma."

Wanyoike aliweka nyundo chini. Aliwaambia kampuni imeshamwahidi mtamba mwingine na hana neno na hilo. Kisha akasema kwamba yule aliyekufa alikuwa amemlea kwa chupa, mama yake alikufa akimzaa, na alikuwa akimfuata mpaka mlangoni kama mbwa. Alisema hayo bila hasira, na ndiyo sababu yaliwauma. Naftaly alivua kofia. Wakasimama hivyo watatu, malori yakinguruma nyuma yao.

"Siwezi kuwaambia ni sawa," Wanyoike akasema. "Si sawa. Lakini mmekuja." Akaokota nyundo yake. "Shikeni hiyo nguzo basi, imekataa kusimama."

Chepngeno na Naftaly walishika nguzo, mmoja kila upande, mpaka mzee alipomaliza kupigilia waya. Baadaye kidogo wakaaga.

Naftaly aliacha kazi mwisho wa wiki ile. Hakutaka sherehe. Chepngeno alipojitolea kumwandikia barua ya kumsifu, alimwambia, "Andika nilichofanya, usiandike ulichotamani nifanye." Baadaye dada yake alieleza kwamba yuko Gilgil, anafundisha wazee kutumia simu na kompyuta, na kwamba wanampenda. Chepngeno alimpigia mara kadhaa. Naftaly alikuwa akipokea, akiuliza habari za mama yake Chepngeno na za kazi, na simu ikiisha mapema. Neno Chep hakulirudia.

Kwa upande wa Jebet, Chepngeno aliandika upya ile tathmini, akaeleza sababu ya kasi kupungua, akamtumia nakala na kumwomba msamaha. Jebet alijibu, "Nimepata." Basi.

Kazini Chepngeno alibaki. Mwaura alimwacha kwenye nafasi yake, jambo ambalo mwenyewe hakulitarajia na hakulifurahia sana. Alipoalikwa tena kuwazungumzia vijana wenye kampuni, alikataa. Hakujua angesimamaje mbele yao aseme yale yale.

Karibu mwaka ulikuwa umepita simu yake ilipolia mchana mmoja akiwa kwenye foleni ya benki. Ilikuwa namba ya Jebet. Alitoka kwenye foleni akasimama kando ya nguzo.

"Niko Eldoret," Jebet akasema, bila salamu ndefu. "Nimepewa timu. Kuna kijana kwa timu yangu, mzuri, anapendwa na kila mtu, na kazi haiwezi. Nimeanza kumrekebishia code yake jioni. Jana nikajishika nikifanya hivyo."

Chepngeno alifumba macho.

"Nataka kujua tu," Jebet akaendelea, "ulimwambiaje Mwalimu? Ulianza na nini?"

"Nilimwambia vibaya, Jebet, na nilichelewa. Usinifuate. Mwambie leo. Mkiwa wawili, si mbele ya watu. Mwonyeshe code yenyewe, mstari wenyewe, asifikiri unamchukia. Umwambie anatakiwa kufika wapi na mpaka lini. Halafu umsaidie kweli, usimfichie. Na akishindwa, umwambie ameshindwa. Usimbunie cheo."

"Atalia."

"Pengine. Kaa hapo akilia. Hilo ndilo mimi nililokimbia."

Upande wa pili kulikuwa na sauti ya watu wakicheka mbali, sauti za ofisi. "Sawa," Jebet akasema. Kisha akaongeza, "Sijakupigia kwa sababu tumepatana."

"Najua."

"Nimekupigia kwa sababu ni wewe tu ninayejua umeyapitia."

"Najua, Jebet. Asante hata hivyo."

Simu ikakatwa. Foleni ilikuwa imesonga mbele na nafasi yake imechukuliwa. Askari wa mlangoni alimwuliza, "Madam, uko sawa?" Chepngeno akamjibu yuko sawa, akaenda akasimama nyuma ya mtu wa mwisho.